Nani Anazima Kompyuta?

Theo, nimekwisha. Nimejifungia stoo, katikati ya magunia ya alizeti, ndiyo nakuandikia.

Unakumbuka ile programu yangu inayoigiza swichi ya kompyuta, ya kufundishia watu kuwasha na kuzima wakiwa mbali? Niliiweka mtandaoni, nywila 1234, nikawarushia watu wa ofisi. Nikawaambia bonyezeni mtakavyo, ni ya mazoezi tu!

Leo wamekuja wageni wanaotaka mafuta yetu. Bosi Leonard anawaonyesha hesabu za chama chetu cha ushirika ukutani, kutoka kwenye kompyuta ya ofisi. Mara ngurumo. Kompyuta ikazimika.

Nikawasha. IKAZIMIKA TENA.

Kuangalia, kumbe ile swichi ya mazoezi niliiunganisha na kompyuta YA KWELI. Mimi! Kwa mikono yangu!

Nikauliza, nani anazima? Theo, ofisi nzima ikanyoosha mikono, tena kwa kujivunia. Janeth ananikaripia mbele ya wageni, "Si radi hiyo dada? Unataka iungue?"

Nikawanyang'anya simu wote. Nikawasha.

IKAZIMIKA.

Wageni wanatazamana. Bosi ananiangalia kama mkataba wangu umeishia hapo hapo.

Simu yake, ambayo sikuthubutu kuigusa, ikaita. Akaweka spika, "Shikamoo mama." Mama yake huyo, yuko kijijini Mungaa kwenye mbuzi wake:

"Marahaba mwanangu. Huku radi zinapiga, zinakuja kwenu. Kwa ile swichi uliyotuwekea kwenye grupu la ukoo, kompyuta yenu tunaizima sote toka ngurumo ya kwanza. Sasa ni mkaidi gani huyo anayeiwasha?"