Jiwe la Mbele ya Gati

Mdogo wangu Aune,

Natumaini baridi ya huko Uswidi haijaanza kukuuma. Huku majani yameshaanza kuwa ya manjano, ziwa limepoa, na muikku, vile visamaki vyetu vya fedha, vimepanda juu mpaka watu wanagawiana bure. Nimekukaushia vichache kwa moshi.

Jana nami niliingia ziwani, peke yangu. Usinigombeze. Ukungu ulikuwa umeondoka na maji yametulia. Hata sijafika mbali, mashua ikagonga lile jiwe kubwa la mbele ya gati letu.

Jirani yetu Veikko alikuwa karibu akitega nyavu zake. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wee Lempi! Jiwe hilo lipo tangu babu zetu hawajazaliwa, leo ndiyo unaliona?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Leo ndiyo naliona."

Akavua kofia.

Unajua, mpiga makasia huipa njia mgongo. Miaka yote mimi nilipiga makasia, na mume wangu Urho akakaa nyuma na nyavu, ananielekeza: "Kulia kidogo, mama. Hapo hapo." Sikuwahi kugeuka. Watu wakisema Lempi analijua ziwa, kumbe nilikuwa naujua uso wa Urho tu.

Tangu tumzike, Veikko anasema atakuja akae pale nyuma aniongoze. Ana moyo mwema. Nimemwambia asubiri kwanza. Afadhali niendelee kugonga mawe.

Dada yako,
Lempi