Kurasa Kumi na Tisa za Mama

Mpendwa Mama Dorothy, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana chakula hakipiti na usingizi umenihama.

Mama yetu alipougua koo mwaka jana sauti ilimwisha kabisa, akawa anatuandikia kwa penseli katika daftari, kurasa kumi na tisa, nyingi zikiwa za kumwandikia ndugu yangu Elkanah aliye kazini Qatar ambaye hakuweza kuja hata kwa mazishi, nami nikamwahidi nitamtunzia, lakini mwezi jana mchwa waliingia sandukuni mlimokuwa na daftari hilo na vyeti vyake, hapa kwetu Matete, nikaogopa, nikajaribu programu tatu za kuskani karatasi kwa simu na nikachagua ile iliyotoa karatasi nyeupe kuliko zote, nikaona vyeti vya mama vimetoka safi nikafurahi, kurasa za daftari sikutazama hata mmoja, nikalichukua daftari lenyewe na mchwa wake nikawashia moto wa chai. Juzi Elkanah akapiga simu, "Dada, Jumamosi kwa kumbukumbu ya mama nitakuwa hapo, nataka nisome mwenyewe vile alisema," ndipo nikafungua nikakuta kurasa kumi na tisa nyeupe pe, programu imefuta penseli ikidhani ni uchafu. Fundi wa simu mjini Kakamega aliangalia akasema, "Madam, hapa hakuna kitu, ni karatasi tupu."

Nimechoma sauti ya mama yangu. Nakumbuka mstari mmoja tu wa wiki yake ya mwisho, tena hauna maana: "Elkanah akifika, asiambiwe lolote kabla hajala." Kuna programu gani inayoweza kurudisha maandishi? Ama nimwambie mchwa walimaliza?

Gentrix, Matete

Gentrix, pole sana, pole kwa dhati. Lakini sitakudanganya: hakuna programu inayosoma majivu. Na ni nani alikutuma kuwasha moto kabla ya kufungua hata ukurasa mmoja? Ulichagua kwa weupe kama mtu anayenunua shuka! Programu ya kuskani hujaribiwa kwa ukurasa ulio hafifu zaidi, unaukuza, unausoma, unampa na mwingine asome, na karatasi yenyewe unaiweka kwenye mkebe wenye kifuniko.

Sasa sikiliza. Usiiondoe programu hiyo kwenye simu. Baadhi huhifadhi picha ya kwanza kabla haijang'arishwa, na huenda fundi hakutafuta. Fungua kila ukurasa, ingia panapohaririwa, rudisha rangi ya awali. Usipopata kitu, lia, kisha uende kwa kila aliyeketi kando ya kitanda cha mama umwulize anachokumbuka. Kiandike, kwa wino.

La mchwa, hapana. Mchwa hawakuwasha moto, na wewe utaubeba uongo huo kila siku ya kumbukumbu hadi uzeeke.

Na ule mstari unaosema hauna maana, usome tena. Jumamosi mpikie ndugu yako ugali na kuku, obusuma na ingokho ya kwetu, ukae karibu naye, usiseme neno mpaka amalize na anawe mikono. Halafu mwambie yote. Mama alishakuelekeza.