Fundi Akiiwasha

Wanangu,

Nimewahi kazini. Chai iko kwenye chupa, maharage yapasheni moto.

Fundi wa televisheni atapita mchana. ~~Mwambieni aichukue tu, tutanunua nyingine.~~ Hapana. Aifungue kwanza, aone kilichoungua.

Kitindamimba, asubuhi umenikuta nalia mbele ya kioo cheusi, ukaniambia, "Usijali mama, tutakununulia kubwa zaidi." Ahsante, mwanangu. Ila sikuwa nalilia televisheni.

Mnayajua masikio ya marehemu baba yenu. Taarifa ya habari ilisikika mpaka kwa jirani, na mimi kutwa kumpigia kelele. Tangu tumzike, kila asubuhi, nyie mkiwa bado mmelala, naiwasha kwa sauti yake ileile. Naenda jikoni, halafu nasema, "Punguza bwana, watoto wamelala." Hapunguzi, kama zamani. Basi napika chai yangu, roho imetulia.

Leo imegoma kuwaka. Nimesimama jikoni na sufuria mkononi, sina cha kumwambia.

Kwa hiyo itengenezwe. Hiyo mpya mtanunua siku nyingine.

Msisahau kuanua nguo. Na fundi akiiwasha, asiguse sauti.

Mama yenu