Ndovu Wawili wa Mlangoni

Miasenyi, 29 Desemba 2024

Mwanangu Abby,

Natumaini ulifika Nairobi salama na kazini wamekupokea vizuri baada ya Krismasi. Mimi ni mzima, isipokuwa goti, na isipokuwa hasira, ambayo ndiyo iliyonishikisha simu. Nyinyi mmezoea ujumbe wa maneno matatu. Mimi naandika barua hata kwa simu, kwa hivyo keti usome.

Leo baada ya misa jumuiya ilisali kwangu. Kavinya ndiye aliyemwona kwanza: yule chura wa sanamu uliyeniachia Krismasi, miguu mitatu, kando ya mlango, sarafu mdomoni. Akaniuliza, "Mama Abby, na huyu anakula nini?" Wenzake hawakucheka. Rozari ilisaliwa mbiombio, na chai yangu ikarudi jikoni kama ilivyotoka. Sasa mimi mjane wa watu nasemwa kuwa nafuga chura!

Chura nimemtupa chooni. Kurudi ndani na kuinua macho, nikawaona wale wengine juu ya kabati. Ndovu wawili weupe, mikonga juu, wanatazama mlango. Abby! Ndovu? Ndani ya nyumba ya Josephat? Baba yako alitoka kwa mlango huohuo na debe lake la kupiga kelele, kwenda kuwafukuza kwenye mahindi, akarudishwa ndani ya blanketi. Ulikuwa kidato cha pili, uliona kwa macho yako. Au umemsahau?

Kama unataka kuniwekea mnyama wa bahati, niletee nyuki. Ndovu humkimbia nyuki. Hao wako hawatishi hata mende.

Mimi mamako,
Teresia

*

Nairobi, 31 Desemba 2024

Mama,

Habari za nyumbani, na goti je? Ile dawa ya kuchua umeipaka, ama imekaa tu dirishani? Mimi niko salama. Barua nimeisoma mara mbili, na mimi pia nimekasirika, unisamehe nikisema.

Unajua kazi yangu ni kuuza sanamu hizo za bahati. Kutwa nawaambia wateja: kobe akae nyuma ya nyumba, chura aelekee ndani, ndovu wainue mkonga walinde mlango. Wananunua, wanaenda kwao, wanalala. Mimi silali. Mvua ya Novemba ikinyesha huko, wenzangu wanashukuru Mungu. Mimi nawaza kwamba mahindi yatakua, na yakikua ndovu watakuja, na mama yangu atatoka na debe lilelile la baba.

Nilikutafutia chumba Voi, karibu na soko na kanisa. Ukasema huwezi kuliacha kaburi peke yake. Sasa ulitaka nifanye nini? Niliweka pale mlangoni kilichokuwa mkononi mwangu. Ni upuuzi, najua, sihitaji Kavinya aniambie. Lakini mwanamke wa miaka sitini na tatu kwenda kumpigia ndovu debe, huo nao tuuite nini?

Ukitaka watupe. Ila usiniambie tena kwamba nimemsahau baba. Hakuwa mume wako tu.

Mwanao,
Abby

*

Miasenyi, 23 Februari 2025

Mwanangu Abby,

Hujambo? Mimi sijambo, goti limepoa. Najua umepiga simu mara nyingi na sikushika. Nilikuwa na hasira, kwanza nawe, halafu na watu wanaostahili hasira hiyo kukushinda.

Ndovu walikuja wiki iliyopita, jua likizama. Wamemaliza mahindi, wamepasua tangi la maji, wakaenda zao. Nilichukua debe. Nilifika mlangoni, nikawaona wale weupe wako juu ya kabati, nikakumbuka kwamba hulali. Nikarudi nikaketi. Nilisikia shamba langu lote likivunjwa, na nililia kwa uchungu, lakini sikutoka.

Alhamisi kukawa na baraza. Mgeni mmoja mwenye viatu vya kung'aa akatuambia tuvumilie, kwa sababu ndovu ni bahati yetu, wanatuletea watalii. Bahati! Mmoja wa wale wako nilikuwa naye kikapuni, nilitaka nimpe mjukuu wa Kavinya achezee. Nikasimama, nikamweka mezani mbele ya yule bwana. Nikamwambia, "Bahati hii hapa. Binti yangu ndiye aliyeinunua. Chukua, simamisha mlangoni kwako. Hii haijaua mume wa mtu."

Hakuna aliyepiga makofi. Kavinya alisimama akataja ndengu zake zilizokanyagwa. Halafu mwingine akataja mtoto wake asiyethubutu kwenda shule asubuhi. Halafu wengine, mpaka yule bwana akaacha kuangalia saa. Wametuahidi mizinga ya nyuki ya kuzungushia mashamba. Nitaamini siku nitakayoumwa na nyuki.

Nilikuandikia neno baya kuhusu baba yako na wewe. Lifute.

Voi siendi. Lakini debe nimempa Kavinya, ameshapanda vitunguu ndani yake. Ndovu wakija tena, nitafunga mlango niketi. Hiyo nakuahidi, basi lala, mwanangu.

Yule ndovu wa pili yupo bado. Usifurahi. Nimemtoa kabatini nikamweka dirishani, uso wake kwa kaburi la baba yako. Kila asubuhi nikivuta pazia namwambia: tazama.

Mamako