Nimemchora Mama Mkwe Akicheka

Mpendwa Shangazi Stella,

Shikamoo. Naomba msaada wako haraka maana nina furaha hadi naogopa, na mimi nikifurahi sana maziwa yanamwagika yenyewe, hapa nakuandikia nimelowa kifua chote na mtoto kalala.

Niko kwa wakwe zangu huku Kibosho, nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, Kindness, na bado niko kwenye uzazi. Shule sikufika mbali, niliishia kidato cha pili, lakini kuchora nilizaliwa nako. Kabla sijaolewa nilipanga chumba mjini, mtaa wa Majengo, nikawa nachora mitindo ya nywele kwenye kuta za saluni na kuku kwenye vibanda vya chipsi, popote nilipoitwa nilienda na kopo langu la rangi. Sasa kuna dada anaitwa Hilda, anatengeneza vitabu vya watoto Arusha, alipita mtaa wa Njoro akamwona kuku wangu mmoja ukutani akacheka peke yake barabarani, akatafuta namba yangu. Amenipa kitabu kizima, Shangazi, picha zote mimi. Hadithi ni ya bibi na mjukuu wake wanamtafuta ndama aliyepotelea kwenye migomba.

Shida ni kwamba huku kwetu mzazi hafanyi kazi. Miezi mitatu unakula, unalala, unanyonyesha, basi. Mama mkwe wangu, anaitwa Mektrida, ananipikia mtori wa ndizi na nyama, ananiletea maziwa kila saa, hata ufagio hanigusishi, na majirani wakija kumwona mtoto wananikagua mimi kwanza. Juzi Mama Eliakim alinibonyeza mkono akamwambia, "Mektrida, huyu umemlisha au umemjaza upepo?" Wakacheka wote, na mama alishinda siku hiyo anatembea kama aliyeitwa mbele kanisani. Sasa wakisikia huyo mzazi aliyenona alikuwa anafanya kazi za watu chumbani, watasema mama alinitumikisha, na aibu itakuwa yake, siyo yangu. Kwa hiyo nachora kwa siri, yeye anajua nimelala. Napaka rangi za maji, napiga picha kwa simu namtumia Hilda, halafu naosha vidole kwenye beseni la mtoto.

Na kuna kubwa zaidi. Yule bibi wa kwenye kitabu ni yeye. Sikupanga. Dirisha langu linatazama jiko la nje, nikikaa kitandani namwona anavyokoroga mtori, goti moja juu, kilemba kimelegea, moshi unampitia usoni naye wala hapepesi, na mkono wangu ukashuka wenyewe kwenye karatasi. Mama aling'oka jino la mbele zamani, akicheka anaziba mdomo kwa kanga, hata mbele ya baba mkwe. Ila akimshika Kindness anasahau. Anacheka mdomo wazi kabisa na uso wote unakuwa wa msichana. Nami nikamchora hivyo hivyo, na pengo lake. Hilda anataka hiyo ndiyo ikae kwenye jalada. Alinipigia akaniuliza, "Huyu bibi yupo, eti? Mtu wa kubuni hachekagi hivi." Nikasema yupo. Akasema basi akubali kwa mdomo wake mwenyewe kabla ya Jumatatu, la sivyo nibadilishe sura.

Nimejaribu kubadilisha. Anatoka bibi wa kwenye kalenda, meno yote, wala huoni kama amewahi kubeba mtoto.

Mume wangu Remigius, anaongoza wageni mlimani, anasema ninyamaze tu, mama hasomi vitabu, atajulia wapi. Tena siku hizi hata kumchora kumekuwa kugumu, sijui ana nini, amehamisha kigoda chake hadi mbele ya dirisha langu, anakoroga mtori amefunga kilemba cha kanisani, amenyooka kama yuko studio, ule ulegevu wake wote umeisha. Na asubuhi anakuja mwenyewe kunifungulia dirisha, anasema mtoto apate mwanga.

Nifanyeje, Shangazi? Nakitaka hiki kitabu, nataka Kindness aje akione, nataka kuchora hadi nizeeke. Lakini yule mama sitaki kumuumiza.

Mama Kindness, Kibosho

Shangazi Stella anajibu

Marahaba mwanangu, na hongera ya mtoto, hongera ya kitabu. Jifute kifua, kaa vizuri, nikuseme kidogo.

Remigius anazijua njia za mlima, za mama yake hazijui. Kitabu hicho kitafika shuleni, mtoto wa jirani atapiga kelele kwamba huyu ni Bibi Mektrida, na mama yako ataliona pengo lake mikononi mwa watoto wa watu kabla hajaonyeshwa na wewe. Unataka hivyo? Umekula mtori wake, ukachukua na uso wake, ukanyamaza. Hata mkungu wa ndizi kwenye kihamba cha mtu huukati bila kupiga hodi, seuze kicheko ambacho mwenyewe anakificha hata kwa mumewe.

Halafu hebu nikuulize, wewe mchoraji mwenye macho. Mwanamke gani anakaa kwenye moshi na kilemba cha kanisani? Kigoda kimesogea kwa nini? Na maji ya hilo beseni la mtoto, yanayotoka mekundu leo na kijani kesho, anayamwaga nani? Anajua, mwanangu. Anajua siku nyingi. Anakaa pale ili umchore, na wewe unanung'unika kwamba amenyooka.

Kwa hiyo hilo la kufanya kazi kwenye uzazi limeshajibiwa, na aliyejibu ni mwenye nyumba. Majirani waachie yeye, anawaweza. Wewe kunywa maziwa, maliza uzazi wako, usishuke Arusha hata ukiitwa. Hilda akikutaka apande Kibosho, mtori upo.

Lakini la pengo halijui. Alijiandaa na kilemba, siyo na jino. Hilo ndilo unalotakiwa kumwomba, na usimtume mume, wala usingoje Jumatatu. Kesho majirani wakishaondoka, kaa chini karibu na kigoda chake. Kindness mpakate wewe, mikono ya bibi iwe huru. Mwambie, "Mama, naomba unisamehe, nimekuchora bila kukuuliza." Kisha mpe picha moja moja, ya jalada iwe ya mwisho. Usimweleze kitu. Usimwambie ni nzuri.

Atacheka, hata kama ni kwa aibu. Hapo usimtazame usoni, tazama mkono wake. Ukipanda na kanga kuziba mdomo, mrudishie kicheko chake, mchoree Hilda bibi aliyegeuka mgongo, na usimbembeleze mama mara ya pili. Mchoraji aliyemchekesha mtu barabarani kwa kuku hatakosa jalada lingine.

Mkono ukibaki chini, piga simu Arusha papo hapo, umpe mama aongee.