Baba, Nilikikataa Kikopo cha Mate

Baba,

Shikamoo. Marahaba yako nimeisikia tayari. Ulikuwa ukiivuta mpaka aliyekuamkia keshapita kona.

Leo ni Jumamosi, niko zamu. Nimeketi kwenye benchi nje ya maabara, chai imepoa na sina habari nayo. Nina furaha ambayo sijui nimpe nani ila wewe. Jana mgonjwa mmoja alitoka wadi ya kutengwa, ile ya watu wa TB. Anaitwa Mwanasha, mtu wa Likoni. Alitoka kwa miguu yake, kohozi lake limepimwa siku mbili tofauti na mara zote mbili likawa safi. Aliyelipima ni mimi, mwanao Kache. Tangu uondoke nilisoma, nikahitimu, na kazi niliyoipata ni ile ile uliyokuwa ukiikejeli: kuchungulia makohozi ya watu.

"Kwani wanatafuta dhahabu mle?" ulikuwa ukiniuliza kupitia dirisha la wadi, na nesi akisikia anakukata jicho. Naam Baba, sasa natafuta mimi. Tunalipaka kohozi kwenye kioo, tunalitia rangi, tunatazama kwa hadubini. Viini vya TB huonekana kama vijiti vidogo vyekundu. Nikiviona, mgonjwa habanduki. Nisipoviona mara mbili, daktari anampima kifua na kumwandikia ruhusa. Kunenepa hakusaidii, wala kuacha kukohoa. Wewe ulidhani ukiinua kitanda kwa mkono mmoja mbele yao watakuachilia.

Mama hajambo, magoti tu. Dama wetu mdogo sasa ni mtu mzima, anashona mikoba kule Bombolulu, na mdomo wake ni wako mtupu. Akianza kubishana, majirani wanatoa viti nje.

Lakini sikuandika kwa ajili ya salamu. Kuna jambo nimelibeba peke yangu tangu nikiwa kidato cha nne.

Ulitoka wadi siku mbili kabla ya Krismasi. Ulipita soko la Kongowea kwanza, kuwaonyesha wenzako wa mikokoteni kwamba Tinga, kama walivyokuita, yungali hai, ndipo ukaja nyumbani. Ukanikuta bombani nateka maji. Ukainama, ukaninong'oneza huku unacheka: "Niliwapa mate, Kache. Wameandika safi."

Nami nikacheka. Baba, nilicheka! Nilijua kwamba mate si kohozi, kwamba ugonjwa wako ulikuwa kifuani wala si mdomoni. Sikumwambia Mama. Sikumwambia nesi. Nilitaka urudi. Nilitaka tule pilau mkeka mmoja, na tukala, nawe ukaongezwa mara tatu.

Sasa najua kipimo kile kilikuwa na kazi nyingine. Kohozi lako la kweli lingewaonyesha kwamba dawa zile hazikuwa zikiuua ugonjwa wako, wakatafuta nyingine. Kwa vile karatasi ilisema safi, ukaendelea kumeza zile zile zisizokusaidia, na mkokoteni ukausukuma vile vile. Masika yalipoingia tulikurudisha hospitali umebebwa, na dawa mpya zikakukuta huna tena nguvu za kuzipokea. Baada ya mazishi Dama akaanza kukohoa. Alimeza dawa zake zote hadi siku ya mwisho, nikimsimamia kama askari, akapona kabisa.

Mama hadi leo husema hospitali ndiyo iliyokuua, ilikutoa ungali mgonjwa. Huwa namwachia aseme. Huwa naosha vyombo.

Basi nikuambie juu ya Mwanasha. Ana mtoto wa kike, alimwacha ana miezi minane. Bibi wa mtoto huja naye kila baada ya siku chache, wanasimama ng'ambo ya ua na mama anapunga mkono. Asubuhi moja kikopo chake cha kohozi kikaletwa mezani pangu. Nilikiinua kwenye mwanga. Vilikuwa vimaji vyeupe vyepesi, mapovu juu. Kohozi la kifuani ni zito, linavutika. Haya yalikuwa mate, na kwa mate yale ningeandika safi bila hata kusema uongo.

Nilikaa nacho kile kikopo. Nilikuona wewe waziwazi, unacheka.

Utaratibu ni kukirudisha na kuomba kingine. Lakini nilijua ningekirudisha tu hivi hivi, kesho yake angeomba kohozi la jirani aliyekwisha kuwa safi, maana watu hufanya hivyo. Nikavaa barakoa yangu, nikaenda kumwita, tukakaa uani penye upepo. Kabla sijafungua mdomo akaanza kuapa: "Wallahi dadangu, mimi n'shapona. Mwanangu ashaanza kun'sahau." Sikumkaripia. Nilimweleza habari zako. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwambia mtu. Nilimwambia vile ulivyoninong'oneza, na vile nilivyocheka, na kikohozi cha Dama. Nililia ndani ya barakoa, na usiombe kulia ndani ya barakoa, Baba, kamasi hazina pa kwenda.

Akauliza, "Huyo Dama, yu hai?" Nikasema yu hai, tena ana kelele.

Kesho yake alfajiri, kabla ya chai, alikohoa kutoka chini kabisa akaleta kohozi zito. Nikalitazama. Vijiti vyekundu vilikuwa vimejaa. Niliandika matokeo kwa uchungu, kwa sababu ni mimi niliyemwomba aseme kweli, na kweli yenyewe ilimfungia mlango. Daktari akaagiza kohozi lipelekwe likapimwe ni dawa ipi inayouweza ugonjwa ule, akambadilishia. Mwanasha alinigeuzia ukuta. Wiki nzima nikipita na salamu yangu, naondoka nayo.

Kisha vijiti vikaanza kupungua. Vikawa vichache. Mara moja nikapata vitatu kwenye kioo kizima, na nilivichukia vile vitatu kama watu. Halafu siku moja sikuona kitu. Nikatazama tena pembe kwa pembe, nikamwita mwenzangu naye atazame. Hakuna.

Kipimo cha pili kilitoka safi jana, Ijumaa alasiri. Unajua mambo ya Ijumaa: faili huwekwa juu ya faili mpaka Jumatatu. Hili nililichukua mkononi, nikakata uwanja mbio. Daktari alikuwa keshatundika mkoba begani. "Kache, Jumatatu basi," akasema. Nikasimama katikati ya mlango kama wewe na mkokoteni wako katikati ya njia, honi zilie zisilie. Akacheka, akatua mkoba, akaenda kumpima kifua. Akatia sahihi.

Bibi alifika na mtoto kabla ya magharibi. Mtoto alipomwona mama yake bila ua katikati, aliangua kilio, akajificha shingoni kwa bibi. Mwanasha hakumnyakua. Aliketi chini palepale langoni, akajitandazia leso, akangoja. Mtoto akachungulia. Akachungulia tena. Mwishowe akashushwa, akatambaa taratibu mpaka kwa mamake, akashika hereni yake na kuivuta kwa nguvu zote. Mwanasha akapiga ukelele wa maumivu na kicheko kwa pamoja, na mimi nikaenda zangu nyuma ya jengo nikalie vizuri, bila barakoa.

Nilikukasirikia sana, Baba, miaka mingi. Nilijikasirikia zaidi. Leo nimeamka na kifua chepesi. Kesho baada ya ibada nitaketi na Mama, nimwambie yote, hata akinifukuza. Na hapa kazini nakuahidi mambo mawili: hakuna atakayetoka kwa sababu nimemhurumia, na hakuna atakayelala wadi usiku mmoja zaidi kwa sababu mtu amechoka kubeba faili.

Narudi ndani, kuna vioo vinaningoja. Pumzika, Tinga wangu. Hukuwa mwongo, ulikuwa na hamu na kwako, nasi tulikuwa na hamu nawe. Kuna neno moja tu nililopaswa kukuambia siku ile badala ya kucheka.

Rudi wadini ukakae, Baba. Tutakungoja.

Mwanao,
Kache