Pikipiki Iliyobebwa kwa Machela

Nyakakika, Karagwe
Novemba 1953

Mdogo wangu Placidius,

Kosa wanalofanya wengi wanaotaka pikipiki kubwa ni kuichagua kama wanavyochagua dume la ng'ombe: wanatazama upana wa pembe. Wanasimama mbele ya usukani, wanarudi nyuma kidogo, wanatikisa kichwa kwa kuridhika, na uchaguzi umekwisha. Pikipiki haipimwi ikiwa imesimama, wala inapokwenda. Inapimwa ikiwa imelala. Lakini nisamehe, nimeanza somo kabla ya kuita majina. Mimi nimestaafu ualimu, wenyewe haujanistaafu.

Salamu kwanza, basi. Shikamoo yako niliipokea pamoja na barua; marahaba sana, mwana wa mama. Je, hujambo? Kikohozi kile cha kiangazi kimekuachia? Shemeji yangu Celestina hajambo? Sisi huku tu wazima kwa rehema za Mungu. Maharage yametoa maua, migomba imepata mvua ya kutosha, na goti langu la kushoto bado linatabiri mvua kuliko mtu yeyote wa hapa Nyakakika. Adelgunda anakusalimu na kukuuliza kama siku hizi unakula, maana alipokuona mara ya mwisho alisema shati lako limening'inia kama nguo iliyoanikwa.

Uliniomba nikaitazame pikipiki ya yule Mzungu wa machimbo ya bati anayerudi kwao, halafu nikupe neno langu kama kaka. Uliandika kwamba hiyo ndogo yako imechoshwa na vilima vya Kimuli, na kwamba mkaguzi wa kahawa anayefika kwa wakulima akiisukuma pikipiki yake hawezi kuwaambia jambo wakalisikia. Uliandika kwamba uko tayari kumpa Mzungu hiyo ndogo, na Bihogo juu yake. Hapo niliweka barua chini, nikaenda kunywa maji. Bihogo ni kizazi cha ng'ombe aliyetupa maziwa mimi na wewe. Kisha, chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mtu anayenong'ona kanisani, ukaandika kwamba mwaka juzi ungekuwa na pikipiki yenye nguvu, ungempakia Celestina nyuma, na mtoto wenu angezaliwa hospitalini akiwa hai.

Placidius, hilo ndilo lilikuwa ombi lako. Mengine yote yalikuwa maganda. Kwa hiyo nimelichukua hilo, nikaenda nalo kuitazama pikipiki.

Fundi wa Mzungu, kijana mmoja mchangamfu anayeitwa Byabato, aliileta hapa nyumbani Jumamosi. Tuliisikia muda mrefu kabla ya kuiona. Kuku wa Adelgunda walikimbilia kwenye migomba na mpaka leo mmoja hajarudi. Ni kubwa kweli, nyeusi, tangi lake linang'aa hata unaweza kunyoa ndevu mbele yake, na usukani umetanuka namna ile ile uliyoniandikia. Nilimwomba Adelgunda akae nyuma ili niione itakavyokuwa kwa mwanamke. Alikaa upande, akapanga nguo yake vizuri, mguu karibu na bomba la moshi, na Byabato akaingurumisha injini kidogo tu. Adelgunda alishuka kwa haraka ambayo sijaiona tangu siku ya arusi yetu. Alisema amekalia mabenchi ya kanisa maisha yake yote, na mengine ni magumu kuliko hilo, lakini hakuna benchi la padre lililowahi kumchoma mguu. Alinikumbusha pia kwamba alikuwa amekaa kwenye ua uliofagiliwa, hana mimba wala uchungu, na bado alishikilia kwa mikono yote miwili.

Nilipanda mwenyewe, Byabato akakaa nyuma yangu. Sitakudanganya kwa sababu ya kutaka kukuzuia: ni chombo kizuri sana. Kilima cha shuleni, ambacho ile ya kwangu ya zamani ilikuwa inakipanda kwa kulalamika, hii ilikipanda kama ng'ombe anayeshuka kwenda kunywa maji. Nilicheka peke yangu. Byabato aliniuliza kama naumwa, nikamwambia hapana, nafurahi tu, na mzee akifurahi husikika hivyo.

Kisha tukashuka kwenye daraja la magogo, pale penye mafunjo. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Nilipunguza mwendo nilipolikaribia daraja, nikateremsha mguu chini, na mguu ukateleza. Hapa nisikilize kama ulivyokuwa unanisikiliza darasani ulipokuwa bado mfupi. Pikipiki ndogo inapoegemea upande, unaiomba kwa goti nayo inakusikia. Kubwa inakusikia mpaka mahali fulani tu. Ikishapita hapo, imekwisha kuamua, kama mwanafunzi aliyekwisha kuamua kulala: unaweza kumwita jina, unaweza kugonga meza. Ililala polepole, kwa adabu, na mimi nikashuka kutoka juu yake kama mtu anayeondoka kwenye kiti. Hatukuumia. Byabato alikaa kwenye matope na kusema kwamba mwalimu ameegesha.

Tulivuta, haikutoka. Nilimfundisha Byabato kuchuchumaa, kuipa pikipiki mgongo, kushika chini na kusukuma kwa miguu badala ya mikono. Ndogo unaiinua hivyo peke yako, na nimewahi kuiinua nikiwa na gunia la vitabu kwenye karia. Hii ilifika usawa wa magoti yetu, ikateleza, ikalala tena, na pedali ya breki ikapinda na kulibana gurudumu la nyuma. Tangu hapo haikuwezekana kuinua wala kusukuma. Tukabaki tumesimama, watu wawili wenye akili timamu, tunaitazama.

Ndipo wakaja watu wa machela. Unamfahamu Kashaija, kiongozi wao upande huu. Walikuwa wamemfikisha mgonjwa hospitali ya misheni na sasa walikuwa wanarudi na machela tupu, wamechangamka. Kashaija alinisalimu, akaniuliza nani anaumwa. Byabato alinyoosha kidole. Kashaija aliizunguka pikipiki akiwa na uso wa msiba, akauliza ni mwanamume au mwanamke, na kama imekula chochote tangu asubuhi. Nilidhani ni mzaha. Lakini waliilaza kwenye machela, wakaifunga kwa kamba za migomba, wakaingiza mabega chini ya miti, na pikipiki ya Mzungu wa bati ikaanza safari ya kuja kwangu kama mama mzazi.

Wewe unajua sheria ya machela. Anayekutana nayo njiani hutua mzigo wake na kusaidia. Basi walitua. Mtu aliyebeba ndizi alitua, watu wawili waliokuwa wanakwenda kunywa rubisi walighairi. Bibi mmoja mzee aliteremsha kikapu, akauliza ni wa nani. Alipoambiwa kwamba ni pikipiki alisema pole hata hivyo, maana kila kitu kina mtu anayekipenda. Akaweka kiganja kwenye tangi, akasema tumechelewa, imekwisha kuwa ya baridi.

Nami nilicheka kama wengine mpaka Kashaija aliponiita mbele. Alisema mgonjwa ni wangu, nami ndiye wa kushika mti wa mbele. Nilikuwa nimesahau desturi hiyo. Mwenye mgonjwa hushika mti wa mbele ili mgonjwa, akiinua macho, auone mgongo anaoujua. Na waliobeba humsemesha njia nzima asije akasinzia. Kwa hiyo waliisemesha pikipiki. Walisema vumilia, mama, kilima ni hiki kimoja tu. Walisema wifi zako wanachemsha maji. Walisema mumeo yuko hapa mbele, anatoka jasho, mwangalie anavyotembea kama bata.

Hapo katikati ya kicheko Kashaija aliniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye alikuwa miongoni mwa waliompokea Celestina mwaka juzi, katika kipande cha mwisho cha njia. Alisema kila machela ilipobadilisha mikono, shemeji aliuliza swali moja. Aliuliza nani ameshika mti wa mbele. Wa Kimuli walimwambia ni jirani. Waliofuata walimwambia majina asiyoyajua. Kashaija alipompokea alimwambia ni Kashaija, na baada ya hapo hakuuliza tena.

Nakuandikia haya bila kukulaumu, mwana wa mama. Uliwasha pikipiki ukatangulia kumtafuta daktari. Ulifanya kama mtu mwenye akili, na mimi ningefanya vivyo hivyo. Lakini tangu siku ile umeichukua huzuni yako ukaifanya hesabu ya mwendo: kama ningekuwa na injini kubwa, kama ningepanda kile kilima kwa haraka. Jumapili baada ya Misa nilikwenda kwa mkunga wa misheni, Evangelina, nikamuuliza kama mwanamke aliye katika uchungu anaweza kupakiwa kwenye pikipiki yenye nguvu. Alinitazama kama vile nilivyokuwa namtazama mtoto anayezidisha pale anapotakiwa kugawanya. Alisema kwamba hata mwanamke mzima wa afya njia ile ingemvunja mgongo, sembuse huyo. Alisema mtoto wenu alikuwa amekwisha kunyamaza siku moja kabla, nyumbani, na hakuna chombo cha petroli wala cha miguu ambacho kingemkuta hai. Na alisema wajawazito wa mbali hawaokolewi na haraka. Wanaokolewa na kuja mapema, wakae karibu na hospitali, wasubiri.

Sasa nikuambie lililonifanya nikuandikie leo badala ya kungoja uje.

Wiki iliyopita, Celestina alipopata nafasi kwenye lori la kahawa akasema anakuja kwa Adelgunda kuchukua mbegu za maharage, hakuja kwa ajili ya mbegu, ingawa alizichukua. Ana mimba, Placidius. Mtoto atazaliwa masika. Alikaa jikoni na Adelgunda mchana mzima, na jioni wakaniita. Alisema amejaribu kukuambia zaidi ya mara moja, lakini kila akianza kusema wewe unaanza habari za vilima na gea. Aliogopa pia kwamba ukijua tu, utamtoa Bihogo kununua pikipiki. Kumbe, masikini, ulikuwa umekwisha kuanza kuinunua bila kujua. Nilimuuliza kama ananiruhusu nikuandikie. Alikubali, kwa sharti kwamba nikuambie pia haombi chombo chochote. Anaomba kuja huku kabla ya mvua kubwa, wewe ukiwa pamoja naye. Na kama njiani itahitajika machela, mti wa mbele aushike mtu anayemjua.

Basi neno langu kama kaka ni hili: usiichukue. Byabato amekwisha kunyoosha pedali na kuirudisha machimboni. Bihogo abaki nyumbani, maana kutakuwa na mama anayehitaji maziwa. Hiyo ndogo uliyo nayo, ukibadilisha mnyororo, inamtosha mtu anayeondoka mapema, na kwa wakulima wako ukifika unaisukuma, watakuamini zaidi kwa sababu na wao wamekipanda kilima hicho hicho. Siku moja, mtoto akiwa anakimbia uani, ukiitaka kubwa kwa ajili ya raha tu, niambie. Nitakuja tuitafute pamoja, nami nitakaa nyuma, lakini mbali na lile bomba.

Adelgunda amekwisha kutoa vikapu kwenye chumba cha upande wa shamba la kahawa na kutandika nyasi mpya. Kutoka hapo hospitali ni mwendo wa mtu mzito asiye na haraka. Anasema Celestina aje wakati wowote na asilete chungu wala mwiko, maana viko. Kashaija naye anakusalimu na kuulizia hali ya mgonjwa wake mwenye pembe. Wasalimie majirani wote wa Kimuli walioshika miti ile mwaka juzi, na uwape kahawa ya kutafuna kwa jina langu. Mungu awalinde ninyi wawili, na yule wa tatu.

Leo, ukishaikunja barua hii, ingia jikoni ukae na Celestina, umwache aanze yeye kusema.

Kaka yako akupendaye,
Yustus